Marufaa ya Kishikwambi

Fundi wa Kampene, huku Maniema katika Kongo, atakayeombwa leo kutengeneza kiegemeo cha mti cha kuwekea kishikwambi, au tableti kama wengi wanavyoiita, hana haja ya kuiga vile vya plastiki viuzwavyo madukani, kwa maana umbo lililo bora kuliko hayo limekuwako kwa karne nyingi, nalo ni marufaa, kile kibao cha kukunja ambacho Waislamu huwekea msahafu wanaposoma.

Maniema iliupokea Uislamu katika karne ya 19 kwa mkono wa wafanyabiashara wa Unguja na Mrima waliofanya makao Nyangwe na Kasongo, akiwamo Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip. Na ijapokuwa biashara yao ya pembe na watumwa iliacha majeraha ambayo si haki kuyasahau, iliacha pia lugha hii ya Kiswahili na msahafu ambao ungali unasomwa.

Ajabu ya marufaa ni kwamba hutoka katika ubao mmoja tu, bila msumari, bila gundi wala bawaba ya chuma. Katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, imo moja iliyochongwa na Hasan bin Suleiman wa Isfahani mwaka 1360, yenye nakshi za maua na maandishi zinazostaajabisha. Lakini kiungo chake hakipiti uwezo wa seremala yeyote mwenye subira.

Na achukue ubao wa mvule uliokauka barabara, wenye urefu wa kama sentimita 40, upana wa 20 na unene wa 3. Kukauka huko ndiko sharti la kwanza katika nchi ya misitu na mvua kama hii, kwani ubao mbichi ukisha kuchongwa hupinda na kiungo kikakwama. Mahali pa kiungo apige mistari ya vidole vitano, kisha kwa patasi avichonge kwa zamu, kimoja kwa upande huu wa ubao na cha pili kwa upande wa pili, akikiviringa kila kimoja mgongo ili kipate kuzunguka. Hapo ndipo msumeno mwembamba unapoupasua ubao katika unene wake, kutoka ncha ya juu hata kwenye vidole na kutoka ncha ya chini hata pale pale, na ubao ukafunguka ukawa mbawa mbili na miguu miwili, vidole vikiwa vimepishana kama vya mikono iliyoshikana, visiweze kuachana tena. Vumbi la mvule huwasha pua na ngozi, basi afunge kitambaa usoni.

Msahafu hufunguka pande mbili, ilhali kishikwambi ni bapa moja. Kwa hiyo ubawa wa mbele ukatwe uwe mfupi, uzuie tu ukingo wa chini bila kuficha kioo. Ule wa nyuma utobolewe dirisha, joto la chombo lipate kutoka. Na kati yao iachwe nafasi ya kupitisha waya wa chaji.

Sasa nakshi. Kampene imo katika Pangi, nchi ya Walega, ambao chama chao cha Bwami, chenye daraja za kupanda hata ile ya juu kabisa iitwayo Kindi, kiliwafundisha watu adabu kwa methali na kwa vinyago vidogo vya mti na pembe. Serikali ya Wabelgiji ilikipiga marufuku, na vinyago vingi vikaishia katika makabati ya Ulaya na Marekani. Kwa rai yangu, si vizuri kukibandika kinyago cha lukwakongo, kimojawapo cha hivyo vya Bwami, juu ya kiegemeo cha sebuleni, maana thamani ya kitu kile ilikuwa kwa mwenye daraja aliyeistahili. La kurithi kwa mafundi wale ni staha yao katika kuchonga: umbo dogo, uso laini uliosuguliwa kwa mafuta na kwa mikono ya watu, na pengine vile viduara vyenye nukta katikati, vichache, katika ukingo wa mbele ambapo macho huvikuta.

Ila katika kuulainisha uso huo mawese yasipakwe, kwa kuwa hayakauki na kioo kitachafuka. Nta ya nyuki iliyosuguliwa kwa kitambaa inatosha, na irudiwe kila mti unapoanza kufifia.