Gesi Inavuja: Lipia Kipimo, Usilipie Kubahatisha

Mtungi wa kilo 6 uliokuwa ukikutosha mwezi mzima sasa unaisha wiki ya tatu. Asubuhi, kabla hujawasha jiko, jikoni kunanuka mayai yaliyooza. Pesa yako inatoka bila kupika chochote, na hatari unalala nayo.

Piga hesabu. Tuseme unajaza mtungi huo kwa shilingi 24,000: kila gramu ni shilingi 4. Uvujaji wa gramu 50 kwa siku unakula shilingi 200, yaani 6,000 kwa mwezi. Kwa pesa ya miezi michache ungekuwa umeshatengeneza.

Kwanza yasiyo na gharama

Ukisikia harufu, funga valvu ya mtungi, fungua milango na madirisha, toa watoto nje. Usiwashe wala kuzima swichi yoyote. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa: hutuama sakafuni, chini ya makabati na kwenye matundu ya maji machafu. Ikifika takriban asilimia 2 ya hewa ya chumba, cheche moja inatosha kulipua. Harufu ikiwa kali au valvu ikikataa kufunga, toka nje kwanza, kisha pigia Zimamoto, namba 114.

Kama nyumba yako inatumia gesi asilia ya bomba, kama baadhi ya nyumba za Mikocheni, kumbuka hiyo ni nyepesi na hupanda juu. Funga koki, toka, mpigie aliyekuunganishia. Usiruhusu fundi wa mtaani kuigusa.

Povu: kipimo cha bei ya chini kuliko vyote

Harufu ikishaisha na hewa ikishapita, changanya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na maji kidogo. Zima koki zote za jiko, fungua mtungi, kisha paka povu kwa sponji pale regyuleta inapokutana na mtungi, kwenye ncha zote mbili za mpira, kwenye mpira wenyewe huku ukiukunja taratibu, na kwenye koki za jiko. Mapovu yanayovimba ndiyo yanayokuonyesha tundu. Funga mtungi, futa sabuni kwa maji safi.

Kiberiti si kipimo. Anayetafuta uvujaji kwa moto, hata akijiita fundi, mtoe nyumbani kwako.

Povu likivimba kwenye mpira

Huhitaji fundi, unahitaji mpira mpya na klipu mbili za skrubu. Usizungushie tepu wala usipake gundi. Mpira uliochanika haubandikwi.

Dukani utaonyeshwa aina mbili. Ule wa bei rahisi mara nyingi ni mpira wa maji. Gesi huukakamaza ukapasuka. Wa gesi umeandikwa mwilini kuwa ni wa gesi, pamoja na mwaka wa kutengenezwa. Tuseme wa kwanza ni 4,000 na unadumu mwaka mmoja, wa pili ni 10,000 na unadumu miaka minne: wa pili unakugharimu 2,500 kwa mwaka. Nunua wa pili. Mita moja na nusu inatosha; mpira mrefu unaongeza bei na nafasi ya kukanyagwa. Waya wa kufungia si klipu, kwani unakata mpira polepole.

Povu likivimba kwenye regyuleta

Usikimbilie kununua regyuleta nzima. Mara nyingi kilichochoka ni oringi, kile kimpira cha duara, na bei yake ni ndogo sana. Kwenye mtungi mdogo wa kufungia bana (kichomeo) juu, kimo shingoni mwa bana, kibadilishe mwenyewe. Kwenye mtungi wa regyuleta ya kubofya, kimpira hicho mara nyingi kimo ndani ya mdomo wa valvu ya mtungi. Hiyo ni kazi ya wakala wa gesi, usilipie wewe.

Kama regyuleta yenyewe ndiyo inayovuja, nunua mpya. Usikubali ifunguliwe ikaundwe upya. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi. Za kubofya zina vipimo tofauti, milimita 20, 22 na 27 miongoni mwao, na ukikosea umelipa nauli mara mbili. Chukua ya msukumo mdogo, takriban milibari 30. Ile ya msukumo mkubwa ni ya majiko makubwa ya migahawa. Jiko la nyumbani haliiwezi.

Povu likivimba kwenye valvu ya mtungi

Hapa hakuna cha kutengeneza nyumbani. Simamisha mtungi nje, mbali na moto, rudisha kwa wakala pamoja na risiti. Dai mtungi mwingine uliojaa, maana gesi iliyopotea ulishailipia. Gharama iliyojificha ni bodaboda ya kwenda na kurudi. Ikwepe safari ijayo: mwombe wakala apake povu kwenye valvu kabla hujaondoka, na apime uzito. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa mwilini mwake. Ongeza kilo 6, jibu lifanane na mizani.

Lini umwite fundi

Mwite kama mtungi uko nje na bomba linapita ukutani hadi jikoni, au kama povu halionyeshi kitu na harufu bado ipo. Fundi bomba wa maji si lazima awe fundi gesi. Mmoja atanusa, atakaza spana kila mahali na kuondoka. Bei yake ni ndogo. Mwingine anakuja na kipimo. Anatenga mtungi, anajaza hewa kwenye bomba, anafunga na kutazama geji. Mshale ukishuka, kuna tundu. Kisha anagawa bomba vipande, anapima kimoja kimoja hadi abaki na kile kinachopoteza hewa. Hapo ndipo anarudisha gesi, anapitisha kifaa cha kunusa gesi karibu na sakafu na kumalizia kwa povu.

Huyu wa pili ni ghali zaidi, na ndiye wa kulipa. Wa kwanza anaweza kukaza viungo kumi na kuacha cha kumi na moja, nawe ukamwita tena wiki ijayo.

Matengenezo halali ni kukata kiungo kibovu na kukiunga upya, au kubadilisha kipande. Gundi na tepu juu ya tundu ni kuahirisha tatizo.

Kabla fundi hajapanda bodaboda, muulize kwa simu: pesa ya kuja kuangalia inakatwa kwenye malipo ya kazi? Vifaa nanunua mimi au wewe? Kipimo cha mwisho kimo kwenye bei? Ikivuja tena ndani ya mwezi, unarudi bure? Kama bomba limefukiwa ukutani, uliza pia nani analipia kuvunja na kurudishia vigae, maana hapo ndipo bili huongezeka maradufu. Ukiambiwa bomba lipitishwe nje ya ukuta badala ya kubomoa, fikiria kwa makini: halipendezi, lakini ni nafuu na siku nyingine utaliona likivuja.

King'ora cha gesi

Ni kitu kizuri, lakini kinunue mwisho. Kinahitaji umeme, kihisi chake kina muda wa kwisha, na hakizibi tundu. Ukikipata, kifunge karibu na sakafu, kwa gesi ya mtungi.

Ukiwa na pesa kidogo leo

Anza na sabuni. Kisha oringi, kisha mpira na klipu, kisha regyuleta. Fundi wa kipimo awe wa bomba la ukutani na wa harufu isiyojulikana inakotoka. Usiache hatua katikati ukaendelea kupika. Bora ununue mkaa wa siku mbili.

Na yeyote atakayekutengenezea, mwombe apake povu mbele yako akimaliza. Lipa likishatulia.