Masurufu ya Safari ya Bondeni

Wahenga walinena kwamba msafiri ni maskini ajapokuwa sultani. Wengi huyachukulia maneno haya kuwa ni ya kumwombea mgeni hisani njiani, walakini mimi nayaona ni maneno ya jikoni. Mtu awapo kwao, chumvi ikimwishia humtuma mtoto kwa jirani. Awapo porini jirani yake ni nyani, naye nyani hapewi wala haombi, hujitwalia.

Nasema haya kwa sababu vijana wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu siku hizi hupenda kwenda kupiga kambi Nakuru, Bogoria na Baringo. Ni jambo jema, kwani atembeaye hujifunza. Lakini ukiitazama mizigo yao utadhani wanakwenda harusini. Laiti wangelijua kuwa njia ile babu zetu waliipita kwa miguu, na kwamba kilichowakosesha usingizi hakikuwa simba peke yake, bali masurufu.

Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Mombasa na Pangani kufuata pembe za Baringo ilikuwa ikinunua nafaka Ngong, ukingoni mwa nchi ya Wakikuyu. Kutoka hapo, kupitia Naivasha na Nakuru, ilikuwa ni nchi ya Wamaasai, watu wa mifugo wasiolima. Nafaka haikuonekana tena mpaka Njemps, kusini mwa ziwa Baringo, ambako Wachamus walilima mtama na wimbi kwa maji ya mifereji. Nakuru basi ilikuwa katikati ya njaa.

Hebu tupige hesabu, ndugu msomaji. Posho ya mpagazi ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, kama robo tatu ya kilo. Mzigo wake ulikuwa yapata frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Ukimtwika mtu mmoja nafaka tupu, watu 10 wataula mzigo wake wote kwa siku nne tu. Ole wake, basi, aliyekula posho ya siku tano kwa siku mbili!

Jumbe Kimameta, tajiri wa Pangani, aliijua njia hii barabara. Alifuatana na Joseph Thomson mwaka 1883, na akafuatana tena na Teleki na von Höhnel waliofika Njemps mwishoni mwa 1887. Safari hiyo ya pili walikuta chakula ni haba, ikabidi watu watumwe hadi Ukikuyu kwenda kununua. Ikiwa mjuzi kama huyo alitingwa, sembuse sisi tuliozoea duka la pembeni?

Somo la kwanza la wazee wale ni chombo kimoja. Wapagazi walijigawa makundi madogo, na kila kundi likapika na kula pamoja. Watu wanne hawahitaji zaidi ya sufuria mbili zinazoingiana, birika, mwiko, kisu na sinia moja la kulia. Vikombe vya bati havivunjiki. Kibao cha mbuzi kiacheni nyumbani.

La pili ni kuijua nchi. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 94, si 100 kama Mombasa. Niliwahi kuketi na vijana kambini huko. Maharage yaliinjikwa alasiri, na baada ya isha yalikuwa bado yanalia sufuriani kama kokoto. Chukueni pojo, mchele na unga, au yachemsheni maharage nyumbani kisha myakaushe. Baridi nayo ya usiku huyagandisha mafuta ya nazi, hata yasitoke kwenye chupa ya mdomo mwembamba. Yatieni katika kopo la mdomo mpana. Tende, mkate wa mofa na achari ya ndimu havina matata.

La tatu ni maji. Nakuru, Elmenteita na Bogoria ni maziwa ya magadi. Macho hufurahi, koo halipati kitu. Mimi huhesabu lita tano kwa kila mtu kwa siku, na ya udhu mbali. Wala msitegemee chupa za plastiki za kutupwa. Tangu Juni 5, 2020, chupa hizo, pamoja na sahani na vijiko vya namna hiyo, zimepigwa marufuku katika mbuga za taifa za Kenya. Na mifuko ya plastiki ilikatazwa tangu Agosti 28, 2017. Kwa hiyo mkoba wa miyaa wa bibi, tulioutupa nyuma ya mlango kwa kuuonea haya, sasa ndio wenye cheo.

Moto usiwe wa kukata miti ya watu. Chukueni jiko dogo la gesi, na nyasi zilizo karibu zitazameni kwa jicho kali. Papa na ng'onda ni watamu, lakini harufu yao humwita fisi kabla ya kuwaita wageni. Vifungeni vyakula katika debe lenye kifuniko, nalo lilale ndani ya gari, si ndani ya hema.

Kisha gawaneni kazi kabla ya kuondoka: huyu wa maji, huyu wa moto, huyu wa kuhesabu posho. Jifya moja haliinjiki chungu. Na huyo wa kuhesabu posho awe mtu mgumu kidogo, awekaye kibaba kimoja cha akiba asichokitaja kwa mtu mpaka siku ya kurudi, gari likikwama matopeni.