KIONGOZI, MFANYAKAZI NA PATO LA KAZI

Mtu atokaye Kidatu kwenda Ifakara hupita Mkula, chini ya milima ya Udzungwa, ambako mpunga hustawishwa kwa maji ya mfereji. Mfereji ni mwalimu mzuri. Msimamizi wa zamu akiwapa maji jamaa zake kwanza, wenye majaruba ya mwisho hawatokei siku ya kuzoa matope. Na mfereji usiozolewa huwanyima maji wote, hata hao jamaa zake. Je, hapo tuseme wakulima ni wavivu?

Twauliza hivyo kwa kuwa wakubwa wengi, pato la kazi lipunguapo, humlaumu mfanyakazi peke yake. Twaona lawama hiyo ni nusu ya haki.

Bonde hili lina ushahidi wake. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilianza kujengwa mwaka 1970 ikakabidhiwa mwaka 1976, nayo ilipita hapa katika tope la Kilombero. Mafundi wa Kichina hawakusimama kando wakinyosha vidole. Walishika zana wenyewe, na vijana wetu wakajifunza kwa kutazama mikono yao. Amri huchosha, bali mfano hufundisha.

Tena, mwaka 1971, ibara ya 15 ya Mwongozo wa TANU ilimkataza kiongozi kiburi, ubadhirifu, dharau na uonevu. Wafanyakazi waliipokea kwa mikono miwili, na katika miaka michache iliyofuata migomo ilizuka viwandani. Mingi yake haikutokana na mshahara tu, bali na matusi na kudharauliwa. Mtu aweza kuvumilia ujira mdogo kwa muda. Lakini hatampa moyo wake yule amdharauye.

Lakini haki haina upande mmoja. Muwa ukishakatwa hupoteza sukari upesi. Fundi wa kiwanda cha Msolwa au Ruembe akichelewa zamu bila sababu, au dereva akiuza mafuta ya trekta, hasara haimpati meneja peke yake. Mkulima mdogo wa miwa huona jasho la mwaka mzima likikauka juani. Huyo naye ni mfanyakazi, na kumwibia saa ni kuwaibia watoto wake chakula.

Kwa hiyo twawashauri wasimamizi: fikeni kazini kabla ya mnaowaongoza, gaweni zamu bila upendeleo, na katika mabaraza ya wafanyakazi elezeni hesabu waziwazi. Nanyi ndugu wafanyakazi, mkidai heshima, idaini mkiwa mmetimiza saa zenu. Dai la mtu aliyetimiza wajibu halina jibu ila haki.

Maji ya Mkula hayajui cheo cha mtu. Hufika mwisho wa mfereji pale tu aliye juu asipoyaziba, na aliye chini asipokataa kushika jembe.