Barua ya uhamisho inapotaja mahali unapopaogopa

“Mama watoto, nimepelekwa Mandera.”

Maneno kama hayo yakitamkwa mezani jioni, chakula hupoa. Kabla ya saa tatu usiku mama mkwe ameshapigiwa simu, na kufikia asubuhi kila jamaa ana kisa chake cha kutisha. Mwenye barua mwenyewe hajaulizwa lolote.

Hofu hiyo ina chanzo. Mnamo Novemba 22, 2014, watu wenye bunduki waliteka basi lililokuwa likitoka Mandera kuelekea Nairobi, wakawaua abiria 28. Miongoni mwao walikuwemo walimu waliokuwa wakienda nyumbani kwa likizo ya Desemba. Mapema mwaka uliofuata, wenzao walipiga kambi jijini Nairobi wakidai uhamisho. Januari 2020, walimu watatu waliuawa Kamuthe, Kaunti ya Garissa, na baadaye Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC) ikawaondoa walimu wengi wasio wenyeji katika eneo hilo. Kumwambia mtu aliyepokea barua kama hiyo “acha woga” ni kumkosea heshima.

Hata hivyo, hofu ikiachwa iwe kitu kimoja kikubwa, haishikiki. Ivunjevunje. Unaogopa nini hasa: barabara, nyumba ya kulala, upweke, joto, au ndoa yenu ikikaa mbali? Kila moja ina dawa yake, na nyingine hazihusiani kabisa na bunduki. Wapo wanaotaja usalama kumbe kinachowauma ni kumwacha mtoto wa miaka miwili.

Kisha tafuta mtu aliye huko sasa hivi, si aliyesikia. Wa kwanza kutafutwa ni yule aliyekuwa akishikilia nafasi uliyopewa: mbona aliondoka? Wa pili ni mfanyakazi mgeni kama wewe ambaye bado yupo. Muulize analala wapi, ndani ya ua la shule au mjini. Anasafiri kwa gari gani, saa ngapi, na kama kuna wasindikizaji wa polisi. Mtandao wa simu unapatikana? Mtoto akiugua usiku, anakimbizwa wapi? Tofauti huwa kubwa. Watu husema “Kaskazini Mashariki” kana kwamba ni kijiji kimoja, ilhali ni kaunti tatu. Garissa mjini panafikika kwa lami kutoka Nairobi kwa saa chache. Mandera ni kule pembeni kabisa, Kenya inakopakana na Somalia na Ethiopia, na baadhi ya wafanyakazi huenda huko kwa ndege ili kuikwepa barabara.

Waulize pia wenyeji. Desemba 2015 basi jingine lilishambuliwa katika kaunti hiyo hiyo ya Mandera. Abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na Wakristo. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu aliyekuwa ndani ya basi hilo, alipigwa risasi na akafariki mwezi uliofuata. Mgeni anayejenga urafiki na majirani mapema hupata habari ambazo hazifiki ofisini.

Ikiwa majibu yote yanaonyesha hatari ya kweli, andika. Usikae nyumbani kimyakimya ukitumaini barua itasahaulika, maana utahesabiwa mtoro. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mfanyakazi aripoti hatari kubwa anayoiona kazini, na inamzuia mwajiri kumrudisha mahali penye hatari hiyo kabla ya kuirekebisha. Barua yako itaje mambo mahususi: njia gani, tukio gani, tarehe gani. Weka nakala, mpe pia mwakilishi wa chama chako. Kukataa kwa utaratibu si aibu, hata kama shemeji atasema wenzako wanakwenda.

Ukiamua kwenda, mazungumzo magumu ya mume na mke yafanyike watoto wakiwa wamelala. Nani atalipa karo muhula ujao? Nani anajua akaunti zilipo, na jina la nani limeandikwa katika fomu ya warithi kazini? Hakuna anayependa kuuliza hilo la mwisho, lakini liulizwe. Kubalianeni pia saa ya kupigiana simu, na simu isipopita, mwenye zamu ya kusubiri ajue ampigie nani mwingine huko.

Watoto nao wameshasikia. Kuta za nyumba zetu ni nyembamba. Mkubwa aambiwe ukweli kwa kiasi chake, kwamba kumewahi kuwa na hatari na haya ndiyo mliyofanya kuipunguza. Mdogo atauliza swali moja tu, baba atarudi lini. Asijibiwe “hivi karibuni”. Aonyeshwe siku shule zinapofungwa kwenye kalenda ya ukutani, kisha apewe kalamu awe anafuta siku yeye mwenyewe.