Dagaa Wabaki Mezani

Mfugaji wa sato anayenunua unga wa dagaa anagombea gunia moja na mama anayetafuta kitoweo cha wanawe. Katika masoko ya Ziwa Victoria, dagaa (Wakenya huwaita omena, Waganda mukene) ni protini ya watu wa kipato kidogo. Ufugaji hai, unaojinadi kwa kutunza mazingira, hauna budi kuanza kwa kujibu swali hili: tuwalishe samaki nini ili dagaa wabaki mezani?

Kitaalamu, sato hahitaji dagaa. Anahitaji asidi amino zilizomo ndani yake. Protini ni kama ushanga unaotungwa kwa rangi maalumu: rangi moja ikiisha, kazi husimama hata kama nyingine zimejaa kikapuni. Soya ina lisini nyingi lakini methionini haba. Wafugaji wa kawaida huziba pengo hilo kwa methionini ya kiwandani. Kanuni za ufugaji hai za Umoja wa Ulaya zinaikataa, kama zinavyokataa mashudu yaliyotolewa mafuta kwa kemikali ya heksani.

Tiba iko mashambani kwetu. Mashudu ya ufuta yana methionini nyingi na lisini haba, kinyume kabisa cha soya. Ukiyachanganya na soya, kila kimoja huziba upungufu wa kingine. Yawe yamekamuliwa kwa mashine, na mazao yenyewe yawe ya kilimo hai. Soya ipikwe au ikaangwe kwanza, kwani ikiwa mbichi ina viini vinavyomzuia samaki kumeng'enya protini. Mashudu yakaushwe vizuri na kuhifadhiwa pakavu, la sivyo sumukuvu itaingia.

Kisha kuna funza wa nzi askari mweusi. Wakikaushwa, protini huwa takriban asilimia 40. Hukua kwa wiki mbili hivi wakila mabaki ya matunda na mboga, na nzi mwenyewe akishapevuka hasumbui vyakula vya watu. Ila funza hubeba alichokula: mabaki yenye viuatilifu hayawezi kuzaa chakula hai. Mafuta yake pia yana omega-3 kidogo, kwa hiyo peke yake hatoshi.

Upungufu huo humwathiri kamba wa kufugwa zaidi kuliko sato. Sato hula mimea na mwani wa bwawani, na huweza kujitengenezea sehemu ya mafuta anayohitaji. Kamba, zaidi ya hayo, hawezi kutengeneza kolesteroli. Lazima aipate mdomoni, na mimea haimpi ya kutosha. Kanuni hizo za Ulaya humruhusu kamba unga wa samaki hadi asilimia 25 ya mlo na mafuta ya samaki hadi asilimia 10, mradi yatoke kwenye uvuvi endelevu.

Hata hapo si lazima kusaga dagaa mzima. Viwanda vya minofu ya sangara vya Mwanza na Kisumu huacha mapanki (vichwa na mifupa), matumbo na ngozi. Mapanki yanayolika yaende kwa walaji. Yasiyolika ndiyo yasagwe.

Chakula humeza zaidi ya nusu ya gharama za mfugaji, hivyo usibadilishe bwawa zima kwa siku moja. Anza na kizimba kimoja, pima uzito wa samaki kila baada ya wiki mbili, ulinganishe na kizimba kinacholishwa chakula cha zamani. Mizani ikikubali, gunia la dagaa mwachie yule mama.