Land Rover ya Zamani: Tazama Chini Kabla ya Kupaka Rangi Juu

Ndugu mkulima, kama unayo Land Rover ya zamani, au unafikiri kununua moja baada ya kuuza viazi, yafaa usome habari hizi kabla hujatoa hata shilingi moja. Wengi wetu gari likichakaa huanza na rangi, kisha hununua springi ngumu ili gari libebe zaidi. Chesisi hukumbukwa siku inapokatika. Huko ni kujenga nyumba kuanzia paa.

Kwanza ujue gari hili lilivyofanywa. Lilionyeshwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam, mwezi wa Aprili 1948. Siku zile, baada ya vita vilivyokwisha 1945, chuma kilikuwa haba Uingereza, basi watengenezaji walitumia alumini iliyochanganywa na magnesiamu kwa sehemu kubwa ya mwili wa gari. Lakini chesisi ni ya chuma, na ukuta ulio mbele ya miguu ya dereva ni wa chuma pia. Kwa hiyo gari lako lina tabia mbili. Juu rangi hupauka kwa jua, lakini bati halili kutu nyekundu. Chini hakuna anayepaona, na huko ndiko kunakooza.

Basi chukua nyundo ndogo, ukague chesisi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka stendi imara au magogo mazito. Gonga polepole pale springi zinaposhikwa, kwenye mikono inayoshika mwili wa gari, na kwenye boriti ya nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya debe lililojaa udongo. Palipooza pakatwe na kuchomelewa chuma kipya. Kupaka lami juu ya kutu ni kuificha tu. Na kama umebeba mbolea ya chumvichumvi au samadi, osha chini ya gari siku hiyo hiyo, maana vitu hivyo hula chuma upesi.

Sasa tuje kwenye springi. Land Rover za kwanza, mpaka zile za Series III zilizokoma kutengenezwa 1985, zina springi za mabamba yaliyopangwa moja juu ya jingine. Bamba la juu kabisa ndilo kubwa, nalo hufanya kazi mbili: hubeba mzigo, na hushika ekseli mahali pake. Likikatika, ekseli husogea na gari hujiendea upande. Fikiri jambo hilo likitokea mteremkoni, asubuhi ya matope, na mikebe ya maziwa nyuma.

Tazama kama gari limelala upande mmoja likiwa tupu mahali pa sawa. Tazama kutu nyekundu kati ya mabamba, na mpira wa bushi uliopasuka. Mara nyingi mtu hulaumu springi, kumbe bushi na shakeli ndizo zilizokwisha, na hizo ni za bei ndogo kuliko springi mpya. Ukinunua springi za namna ya kiwandani, mwambie mwenye duka upande unaoutaka, maana ya upande wa dereva si sawa na ya upande wa pili.

Wako mafundi watakaokushauri kuongeza mabamba. Mimi ni karani, si fundi, lakini hesabu naijua. Gunia 20 za viazi za kilo 50 ni kilo 1,000, na hapo hatujahesabu dereva na vijana wanaokaa juu ya gunia. Bamba la ziada huzuia gari lisilale, lakini haliongezi nguvu ya breki, wala ya ekseli, wala ya chesisi. Mzigo unaoruhusiwa ni ule ulioandikwa katika kitabu cha gari, hata springi ziwe ngumu namna gani.

Zipo pia springi za mabamba machache, manene katikati na membamba mwishoni, ambayo hayasuguani urefu wote. Hizo hulainisha mwendo katika barabara mbovu, na kwa gari la kubeba watu na mzigo wa kadiri naziona ni fedha iliyotumiwa vizuri. Lakini kwa kuwa msuguano umepungua, lazima shokomzoba ziwe nzima na za kufaa springi hizo. Zikiliinua gari sana, hakikisha mipira ya breki haivutiki, na ujue kwamba gari refu hupinduka upesi zaidi kwenye miteremko. Fundi aweke bolti mpya za U, na asikaze kabisa bolti za bushi mpaka gari liwe limesimama kwa magurudumu yake, la sivyo mpira utapindika na kukatika mapema. Baada ya siku chache za kazi, nati zikazwe tena.

Haya yakiisha, rangi sasa. Nyanda za juu kama Kinangop, zaidi ya meta 2,400, jua huila rangi upesi hata kama baridi ni kali. Osha gari kwa maji na sabuni, kisha sugua kwa kitambaa cheusi chenye maji. Kikitoka na unga wa rangi ile ile, rangi bado iko chini, na huna haja ya kupaka mpya. Nunua kompaundi, ujaribu kwanza mahali pasipoonekana, kivulini, ukisugua taratibu na kuepuka kingo, kwani huko rangi ni nyembamba. Maliza kwa nta. Kupangusa kwa dizeli, kama wafanyavyo wengine siku ya kuuza gari, hung'arisha mpaka vumbi la kwanza tu.

Palipotoka rangi kabisa, tumia msasa wa maji, usisugue ukavu, kwa kuwa rangi za zamani huenda zikawa na risasi ndani yake. Watoto wakae mbali. Brashi ya waya wa chuma isiguse alumini. Kisha paka praima iliyofanywa kwa ajili ya alumini, maana ile ya kawaida hubambuka kama ganda la kitunguu mvua za kwanza zikinyesha.