Mshono wa mzazi mbele ya kamera ya simu

Swali limerudi tena kwenye jumbe za wasomaji: mzazi aliyejifungua kwa upasuaji akipiga picha mshono na kuituma, inasaidia? Inasaidia, mradi anayeipokea awe mtaalamu. Yule "dokta" wa WhatsApp anayejibu kila kidonda kwa bei ya chupa ya dawa ni mchuuzi.

Maambukizi mengi ya mshono huibuka mgonjwa akiwa ameshatoka wodini. Kirehe, mashariki mwa Rwanda, watafiti waliwapima wazazi waliojifungua kwa upasuaji mnamo siku ya kumi wakakuta asilimia 10.9 wameambukizwa. Kwa kuwa kurudi hospitali ni safari na nauli, wakajaribu kuwatuma wahudumu wa afya ya jamii majumbani, simu mkononi.

Sasa utamu wenyewe. Melanini, rangi asilia ya ngozi, hukaa juu ya mishipa ya damu na kufyonza mwanga, hivyo wekundu unaowaka kwenye ngozi ya Mzungu, kwetu huwa weusi wa zambarau tu au usionekane kabisa. Programu ya kusoma picha za vidonda iliyofunzwa kwa ngozi nyeupe itaupita mshono ulioharibika. Joto, hata hivyo, halifichwi na melanini. Palipoambukizwa mishipa hutanuka, damu hujaa, na ngozi hutoa mionzi ya infraredi kwa wingi zaidi. Kamera ndogo ya joto inayochomekwa kwenye simu huinasa. Mshono unaopona nao una joto lake, ndiyo maana programu ya watafiti hao ililishwa picha za joto za wazazi wa Kirehe wenyewe, wazima na walioambukizwa, ijifunze tofauti.

Huko Edinburgh, katika jaribio la wagonjwa 492 wa upasuaji wa dharura wa tumbo, waliofuatiliwa kwa simu walikuwa na uwezekano wa karibu mara nne zaidi wa kugundulika maambukizi ndani ya siku saba. Simu haikutibu mtu. Iliwahisha tu habari.

Na jamani, kukandwa maji ya moto juu ya mshono hakutoi "damu mbaya", kunaunguza ngozi na kulowesha kidonda. Usaha si uchafu unaojitoa wenyewe. Unga wa kapsuli za antibiotiki za rangi mbili, ambao bado mnanyunyizia, huganda juu ya kidonda, na hakuna kamera itakayoona kilicho chini yake.

Picha ipigwe mchana, mikono ikiwa imenawiwa. Ukiona homa, usaha, harufu, maumivu yanayozidi au mshono kuachia, nenda hospitali, usingoje kujibiwa.